Yolande na Sufuria Bila Chumvi

Batu ba Nchelenge banapenda mwanamuke munene. Mwaka wa tisini na tisa, Yolande alipoanza kuvimba uso na miguu, sokoni balimupongeza: "Ee mama, Zambia imekukubali!" Kukubali kitu gani? Alikuwa mugonjwa, na hakuna mutu aliyeona, ata miye mwenye kumuita yaya, dada yangu mukubwa.

Alikimbia vita toka Moba, peke yake, akapanga nyumba kando ya ziwa. Kazi yake ilikuwa kutia samaki chumvi na kuuzisha. Bon, mu hospitali sista alimueleza kwamba mafigo yake yanavuja: chakula chenye kujenga mwili kinapita na mukojo, ndiyo maana mukojo unatoka na povu sawa bia. Ameze dawa bila kuruka siku. Ajipime kilo kila asubuhi. Akikaa, ainue miguu. Na chumvi, ata ya kulamba, hapana. Mutu mwenye kushinda na mikono ndani ya chumvi!

Alishika yote. Kila asubuhi alipanda juu ya balansi ya kupimia mifuko ya samaki. Uvimbe ukashuka. Lakini nani atakula naye? Kwetu bukari, ugali wetu, inaliwa pamoja, mikono mu sahani moja. Bajirani balionja mara moja, bakatafuta visababu. Miye pia. Kila nikivuka na boti toka Pweto, ngambo ya Kongo, na bidhaa zangu, nilikula sokoni kwanza, halafu nikamuambia nimeshiba.

Siku moja nilimukuta macho yamefungwa na uvimbe. Kilo sita zaidi mu majuma mawili!

"Yaya, umekula samaki wa chumvi?"

"Hapana."

Sikuamini. Nikakaa jikoni kuchunga.

Saa sita jirani wake akaingia na sahani ya bukari, mujane muzee wa Kibemba, Bamayo Esnart. Yolande akatoka kunawa. Yule mama akafungua fundo la kitenge chake, akatia chumvi mu sufuria ya mboga ya Yolande, akakoroga, akanichekea. Alifikiri amefanya wema, nilikuja kujua baadaye, na kweli ilikuwa wema! Kwa Babemba, mwanamuke akiwa mu siku zake hatii chumvi mu chakula, asije akaletea batu kikohozi, mwingine anamutilia. Esnart aliona Yolande hatii chumvi kamwe, akazani ni siku zisizoisha. Akamuhurumia, na kuuliza aliona haya.

Nilipiga kelele mpaka akakimbia, sahani yake akaiacha.

"Anakuua, yaya! Majuma mawili anakuua, na weye hujui!"

Yolande akakaa chini, akanyosha miguu yake. "Nilijua kwa tonge ya kwanza."

"Ulijua? Una wazimu? Unataka kufa juu ya chumvi?"

"Chumvi ni ya nini? Yule mama anakaa hapa, tunakula mpaka sahani inaisha. Emilienne, toka nigonjwe, weye ulikula na miye siku gani?"

Mama yangu! Nikamwaga ile mboga, nikapika ingine bila chumvi, nikala naye. Haikuwa na ladha, sitadanganya. Asubuhi boti yangu ikaondoka.

Esnart hakurudi tena, nilimutia haya sana. Sasa Yolande amepona uvimbe, miguu yake ni mizuri. Anakula peke yake.