Kingazi cha Mama Eliza

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anisamehe huko alikolala. Ni siku niliyomdanganya mzee asiyeona. Nilidhani kwa kuwa macho yake yamezimika, chochote nitakachomwekea mkononi atakipokea na kushukuru. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kichwa changu kilikuwa kimejaa sifa.

Wewe unanijua kwa haya malori madogo ya alumini yaliyojaa kabatini. Hapa mtaani Kizota watu hunitania kwamba bibi mwenye akili timamu angefuga kuku. Waache waseme. Tangu ujana wangu, nikitoka ofisini nilikokuwa karani, nilikuwa nikivua viatu vya kazini na kwenda karakana ya mjomba wangu Yona. Yeye alikuwa akiyeyusha alumini na kutengeneza sufuria nzito, zile za kupikia kwenye shughuli. Malori alinifundisha yeye. Hakuyatengeneza kwa biashara. Alisema mtu anayefanya kazi ya tumbo siku nzima lazima awe na kazi ya moyo, walau saa moja.

Kazi yenyewe iko hivi, na usichoke kunisikiliza maana kisa chote kimo humo. Kwanza unachonga lori la mbao, ambalo sisi tunaliita kiolezo. Unalifukia ndani ya mchanga wa korongoni, uliochekechwa na kuloweshwa kidogo, unaushindilia, kisha unalitoa taratibu. Lori linaacha umbo lake mchangani. Ndani ya uwazi ule unamimina alumini iliyoyeyushwa kutoka kwenye pistoni kuukuu na sufuria zilizotoboka. Ikishapoa unavunja mchanga, na hapo, mwanangu, hata leo na mvi zangu hizi, mimi huinama kutazama kama mtoto. Kilichokuwa uji sasa ni lori, lina taa na lina vitasa vya milango. Nimeona hivyo maisha yangu yote na bado sijazoea.

Mjomba alikuwa na kiolezo kimoja alichokipenda kuliko vyote, lori la pua ndefu alilolichonga kwa mninga. Alipofariki kilibaki kwangu. Mimi nikakiweka sakafuni kwenye kona, nikakisahau msimu mzima wa mvua. Unaujua mchwa wa Dodoma. Siku nilipokiinua nilikuta ganda, ndani udongo mtupu. Nililia, lakini nikajifariji upesi, kwa sababu nilikuwa na lori la alumini nililolimimina kutoka kwenye kiolezo hicho. Nikalifukia lile mchangani, nikapata la pili. La kwanza nikamzawadia mtu. La pili likazaa la tatu, la tatu likazaa la nne.

Hilo ni kosa ambalo mtu wa kazi yetu pekee ndiye anayeweza kulifanya. Alumini ikipoa hunywea. Ni kidogo tu, huwezi kuona kwa jicho. Lakini ukitoa nakala kwenye nakala, kila kizazi kinanywea zaidi ya mzazi wake, na kila mara mchanga unabaki na kitu. Kitasa kinakuwa kipele, taa inakuwa bapa. Nami nilikuwa hodari wa tupa. Nilipoona uvimbe nisiouelewa nilisema ni kasoro ya mchanga, nikausugua mpaka pakawa laini. Malori yangu yakang'aa kuliko ya mjomba. Mwenye duka la vipuri pale mjini akaweka moja kwenye kioo cha dukani kwake. Wenzangu wa ofisini wakawa wanapita kulitazama, na mimi nikawa napita pia, mara mbili kwa siku, nikijifanya naulizia plagi. Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Ndahani, ameshikwa mkono na binti yake Eliza, mwalimu wa shule ya msingi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniongezea mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, maana alikwisha kuisikia lafudhi yangu. Alikuwa dereva maisha yake yote. Lori lake la pua ndefu liliitwa Vumilia, na ndilo alilobebea saruji bwawa la Mtera lilipojengwa, na baadaye samaki na mahindi. Presha ya macho ilikuwa imempofusha. Mwisho wa mwezi ule mwanawe wa kiume alikuwa anakuja kumchukua akaishi naye Mwanza. Alikuwa amesikia kwamba mpwa wa Yona anatengeneza malori ya pua ndefu, akataka moja asafiri nalo.

Nikamuuliza, kwa utani, mzee mzima anataka lori la kuchezea la nini. Hakukasirika.

"Mwanangu, sura za vitu zinanitoka," alisema. "Mke wangu nikimkumbuka, namkumbuka ameketi ndani ya Vumilia, upande wa kushoto. Sasa lori limeanza kufutika. Likifutika lote, sijui yeye nitamweka wapi."

Mtu akikwambia neno kama hilo, unaacha ulichoshika na unakaa chini kumsikiliza. Kuuliza si ujinga. Ningemuuliza Vumilia lilikuwaje, lilitofautiana vipi na mengine. Sikuuliza hata moja. Nilimwambia aje Jumamosi, nikachukua lori la nne, nikamimina la tano, nikalisugua siku mbili mpaka ningeweza kuona meno yangu ndani yake.

Jumamosi akaja, nikampa. Mwanangu, sijawahi kuona mikono ikifanya kazi namna ile. Ilianzia nyuma, ikaja na ubavu, ikapanda juu ya kichwa cha lori, ikashuka kwenye pua. Pale akapima kwa vidole viwili, akasimama, akarudia. Akagusa taa. Kisha kidole gumba kikaenda chini ya mlango wa kushoto, kikawa kinapapasa mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Nilielewa kwamba mzee huyu anaona, tena anaona kuliko mimi.

Akaniuliza kama kiolezo nilikichonga kwa kulitazama lori lenyewe. Nikajibu ndiyo, babu, lenyewe kabisa. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata hatua moja.

"Pua imerudi nyuma," alisema, bila kupaza sauti. "Taa zimezama. Na hapa palikuwa na kingazi. Yona alikaa siku tatu akilipima lori langu likiwa gereji, akachonga kila kitu, na kingazi akakiweka. Nilikigusa kwenye mbao yake kwa kidole hiki. Wewe umekipeleka wapi?"

Sikuwa najua kwamba kiolezo cha mjomba kilikuwa Vumilia lenyewe. Eliza ndiye aliyenieleza. Mama yake alikuwa mfupi wa kimo na lori lilikuwa refu, basi mzee akachomelea kipande cha springi chini ya mlango wa kushoto ili mke wake apandie. Madereva wenzake walimcheka wee, wakasema mwenzetu amemjengea bibi harusi ghorofa. Hakuwajali. Miaka na miaka mama yule alipandia kingazi hicho kwenda Mtera kununua samaki, akiwa na mume wake njia nzima.

Nikaukumbuka ule uvimbe. Ulikuwa chini ya mlango wa kushoto, kwenye lori la tatu. Niliusugua mwenyewe kwa tupa, nikapuliza unga wake, nikajisifu kwamba sasa pamenyooka. Nilikaa chini palepale kwenye mchanga. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nikamweleza yote, mchwa, nakala, tupa, na uongo niliotoka kumwambia.

Mzee Ndahani akasema maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo.

"Mchwa hana kosa, mbao ndiyo chakula chake. Wewe umekula kitu usichokijua. Usikwangue kitu kabla hujajua kiliwekwa na nani."

Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, na aliyeniambia hakuwa na macho.

Nilimuuliza Vumilia liko wapi. Akasema liko Mpwapwa, uani kwa tajiri wake wa zamani, mwenye lori, injini ilishang'olewa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja aondoke. Nikaomba ruhusa ofisini, nikasema nina mgonjwa, na kwa kweli mgonjwa alikuwepo, nilikuwa mimi. Tukapanda basi sisi watatu.

Tulilikuta limekaa juu ya mawe, halina magurudumu, mti wa miiba umeota ndani na kutokea dirishani. Nikatoa futi yangu ya kupimia. Mzee akasikia mlio wake, akaniambia niirudishe mfukoni kwanza, nifumbe macho. Akanishika mkono akauweka kwenye boneti. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua. Tukalizunguka lori lile polepole, mimi nimefumba, yeye akiniongoza. Nikagusa ribiti moja moja. Nikagusa bonde kwenye madigadi, akanieleza kwamba alimkwepa ng'ombe, akaugonga mbuyu. Nilikuwa nimetazama malori tangu utotoni, na siku ile ndiyo nililiona lori kwa mara ya kwanza.

Kwenye mlango wa kushoto aliniachia mkono. Akachuchumaa mwenyewe. Nikafumbua macho, nikaona kingazi. Kutu ilikuwa imekila kingo, lakini katikati kilikuwa laini, kimebonyea kidogo upande mmoja. Hicho ni chuma cha springi, mwanangu, kinachobeba tani za saruji bila kulalamika, nacho kilikuwa kimelainishwa na ndara za mwanamke mmoja. Nilivua kilemba changu bila kujua kwa nini, nikasimama nimekishika.

Nilipima kila kitu, nikarudi Kizota, nikachonga. Ubao niliuacha uzidi kidogo vipimo nilivyovitaka, ili chuma kikinywea kiangukie mahali pake. Mjomba alinifundisha hilo tangu mwanzo, nami nilikuwa nimelitupa kwa uvivu. Lori la kwanza lilitoka bila kingazi, kwa sababu pale ni pembamba na alumini iliganda kabla haijafika. La pili likatoka na nusu kingazi. Siku ikabaki moja.

Siku hiyo mzee alikuja na Eliza, akaketi kwenye kigoda karibu na tanuri. Nilikuwa nimetoboa kijitundu mchangani, hewa itokee pale kwenye kingazi. Nikamimina. Nilivunja mchanga kwa vidole, nikapuliza, nikasubiri chuma kipoe, na tupa sikuigusa. Nikampa lori likiwa na chembe za mchanga, lina mikwaruzo yake yote.

Mikono ikaanzia nyuma, kama desturi yake. Ikapita ubavuni, ikapima pua, ikazigusa taa. Ikafika chini ya mlango wa kushoto, kidole gumba kikasimama. Kilikaa pale. Uso wake ukalainika, ukawa uso wa kijana, na akasema kwa sauti ya chini, wala hakuwa akisema na sisi:

"Haya mama Eliza, panda. Jua linakwenda."

Eliza aligeukia ukutani. Mimi nililia wazi, sikujificha. Sikulia kwa aibu tena, nililia kwa kustaajabu, kwamba kitu kidogo kama punje ya mahindi kinaweza kumketisha mtu mahali pake. Kesho yake mzee alisafiri, lori likiwa mapajani. Hakukubali liwekwe kwenye mizigo.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ninyi leo mna simu, mna mashine zinazotengeneza lori zima kwa plastiki wakati mimi bado nachekecha mchanga. Sizichukii, hata mimi nazistaajabia. Lakini naona mnavyochukua picha iliyotolewa kwenye picha nyingine, na kazi inatoka inang'aa, na kuna kitu kimenywea ndani yake. Ukitaka kutengeneza kitu, kifuate chenyewe kilipo, hata kama ni Mpwapwa na nauli ya shida. Kiguse. Muulize mwenye nacho. Ukikuta uvimbe usiouelewa, kwenye kazi, kwenye mila za wazee wako, au kwa huyo mtu utakayeishi naye, weka tupa chini mpaka ujue uliwekwa na nani na kwa ajili ya nani. Na kama umekwisha kuusugua, maana sisi binadamu hatuachi, kiri upesi. Usiishie kwenye kuomba radhi. Rudi ukautengeneze upya.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka. Akuzungushie watu watakaokwambia ukweli bila kukuvunja. Na kila utakachokitengeneza, akijalie kimfikie anayekihitaji angali hai.