Benki imesema nyumba yetu haipo

Watu wangu, nyumba yenye nimelala ndani jana usiku, leo nimeambiwa haipo!

Asubuhi mimi na mama tumeenda benki hapa Lodwar kufuatilia mkopo wenye tuliomba. Kuna jamaa Kakuma anauza mashine ya kusaga unga, na anangoja mpaka Ijumaa tu. Dhamana ni nyumba ya mama. Ya mawe, vyumba tatu, amejenga mwenyewe.

Afisa wa mikopo, kijana wa tai, hata salamu ya mama, ejok, hakujibu.

"Taito ya ploti, hati ya kumiliki, iko wapi?"

Mama akatoa barua ya kaunsili ya kupewa ploti. Hiyo barua inakaa ndani ya Biblia yake.

"Mama, hii ni barua tu. Bila taito, kwetu sisi hiyo nyumba haipo."

Haipo!! Na wiki jana si alikuja kuipima? Akakalia kiti yetu, akakunywa chai vikombe mbili!

Nikamuuliza, "Bosi, na hii jengo ya benki iko na taito?"

"Hiyo si kazi yangu."

"Mwenye jengo ni jirani yetu. Ako na barua kama hii ya mama. Kwa hivyo hata hapa umekaa hapapo?"

Askari wa mlango alicheka mpaka akashika ukuta. Kijana akaanza kupanga makaratasi, eti ako bize.

Mkopo tumenyimwa.

Sasa nyinyi wote wa Lodwar, nani ako na taito? Mmoja tu! Ajitokeze hapa chini kabla Ijumaa, mama anamtafuta amwekee dhamana.