Bwana Sinunui na Kamanda Kuku

Dukani kwa Mama Ongeza kila kilichovuka kizingiti kilikuwa na bei: makabati, vitanda, vioo, hata kiti alichokalia mwenyewe. Aliwahi kukiuza akiwa bado amekikalia. Akasimama, akapokea pesa, akaenda kukalia kingine. Watu wakihama au wakifiwa, yeye ndiye aliyeitwa kununua vyombo vya nyumba. Alivisugua kwa msasa, akavipaka vanishi, akawauzia wanaoanza maisha. Hakuwa na huruma na mbao wala na wenye mbao. Ukimwambia, "Kabati hili aliliacha marehemu mama," atakujibu, "Mungu amrehemu. Ila mlango mmoja umepinda."

Kitu kimoja tu humo ndani hakikuwa na bei. Nyuma ya meza yake, kwenye msumari, ulining'inia mguu wa kiti uliovunjika, umevishwa kitambaa cha kijivu mfano wa koti, umetobolewa macho mawili kwa chuma cha moto. Mteja akiuliza habari zake alijibiwa, "Huyo haulizwi bei. Huyo ndiye anayeuliza."

Jina lake Bwana Sinunui.

Historia yake si ndefu. Baba yake Mama Ongeza alikuwa muuza viatu vya mitumba, mtu mwema kupita kiasi, na wema ukipita kiasi watoto hulala na njaa. Mteja akisema kiatu kimechakaa, mzee alikubali. Akisema nyumbani ana watoto wa kulisha, alikubali, kana kwamba yeye hakuwa na watoto. Binti yake aliketi nyuma ya rundo la viatu akiyaona yote. Wasichana wenzake walijitengenezea watoto wa matambara, wakawabeba mgongoni na kuwaimbia. Yeye aliokota mguu wa kiti jalalani, akauvika koti, akausimamisha mbele ya duka lake la vifuniko vya chupa. Hakutaka mtoto. Alitaka mteja, tena mteja mkorofi.

"Ghali," alisema kwa sauti nene ya yule mguu. "Sinunui."

Kisha kwa sauti yake mwenyewe alibembeleza, akapunguza kidogo, akakataa kupunguza zaidi. Mchana kutwa. Katika watu wote aliowajua, huyo ndiye peke yake aliyekuwa na neno "hapana" mdomoni, naye akampenda kwa hilo kama watoto wengine wanavyopenda mashujaa wenye mapanga. Usiku, tumbo likinguruma, alimlaza ubavuni akijua kwamba angalau mmoja humo chumbani hadanganyiki.

Baba alipofariki, baba mdogo alikuja kununua mkokoteni wa marehemu kwa bei ya kuni. Mama, macho yamevimba kwa kilio, alishaanza kuitikia kwa kichwa. Binti akatoka chumbani, mguu wa kiti ameuficha mgongoni.

"Hapana, baba mdogo. Ongeza."

"We mtoto! Unajua unaongea na nani?"

"Na wewe. Ongeza."

Baba mdogo akaongeza, kwa haya zaidi kuliko kwa hiari. Jina likaanzia hapo. Tangu siku ile, palipokuwa na mapatano mazito, Bwana Sinunui alikwenda ndani ya mkoba, kama wengine wanavyokwenda na wakili.

Miaka ikapita na magoti yakaanza kugoma. Binti yake wa pekee akapata kazi ya upishi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, mbali, akamwachia bibi mjukuu wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule. Mtoto alikuja na begi la nguo na kuku. Kuku mwenyewe alikuwa wa soksi. Mama yake alimshona kwa soksi yake ya kazini, akamjaza pamba, akampa jicho moja la kifungo cha shati na jingine la kifungo cha koti, na kilemba chekundu kilichokatwa kwenye shati bovu.

"Huyu ni Kamanda Kuku," mtoto alimtambulisha.

"Soksi ya mguu gani?" bibi aliuliza.

"Wa kulia."

"Afadhali. Ya kushoto ingekuwa na kisirani."

Kila jioni mama alipiga simu, na baada ya salamu alisimulia kisa cha Kamanda: jinsi alivyofika kambini kwa kuruka juu ya malori, akakagua sufuria, akawafokea madereva, akahakikisha kwamba mpishi amelala salama, kisha akarudi kabla jua halijachomoza. Mtoto alisikiliza amemshika kuku, anamkagua kama ana vumbi la barabara. Mara nyingine alilikuta. Duka la samani halikosi vumbi. Bibi aliyasikia hayo akiwa anasugua meza, akaguna. Soksi ni soksi. Lakini aliona pia kwamba mtoto alilala akishakata simu, na mtoto anayelala humpa mtu nafasi ya kufanya kazi. Hakugombana na faida.

Shuleni hawakuruhusu midoli. Ndiyo maana asubuhi moja mjukuu alimweka Kamanda kwenye kikapu kilichokuwa chini ya meza ya bibi. "Leo analinda duka," alisema. Bibi alikuwa anahesabu bawaba za kabati. Hakusikia.

Sasa, kile kikapu kilikuwa na kazi yake. Kilikuwa kikapu cha nyongeza. Mapatano yakikwama, muuzaji na mnunuzi wote wamechoka ila hakuna anayetaka kuonekana ameshindwa, muuzaji hutia mkono kikapuni, akatoa kitu kisicho na thamani, kijiko kilichopoteza wenzake au gari lisilo na gurudumu, akakiweka juu ya mzigo. Mnunuzi hujiona kapata, muuzaji hajapoteza. Mama Ongeza alitia mkono mle bila kuangalia, kama mtu anavyojikuna.

Siku ile alikuja msusi wa mtaa wa pili, mwenye saluni ndogo, akitaka meza ya kioo. Alifuatana na mwanawe, rika la mjukuu, mtoto mpole aliyeshika gauni la mama yake kana kwamba lingeibwa.

"Mama, droo hii mbona haifungi?"

"Inafunga. Inataka mkono wa mtu mwenye nia ya kununua."

"Na kioo kina doa."

"Doa hilo mwachie mteja mnene. Atajiona kapungua."

Msusi akacheka, lakini hakufungua pochi. Walivutana mpaka mtoto akaanza kulia anataka kwenda nyumbani. Mama Ongeza akatia mkono kikapuni, akashika kitu laini, akampa mtoto. "Haya, na hiki juu yake. Mtoto kanyamaza, biashara imekwisha." Na kweli mtoto alinyamaza, na meza ikabebwa.

Mjukuu alirudi kutoka shuleni, akapiga magoti mbele ya kikapu, akatoa vijiko na magari, kimoja kimoja, mpaka akafika chini. Hapo ndipo mkono wa bibi ulipokumbuka kile kitu laini.

Mtoto hakulia. Alikuwa mjukuu wa nyumba ile. Aliuliza, "Umemuuza bei gani?"

"Sikumuuza. Alikuwa nyongeza."

"Nyongeza ni nini?"

Mama Ongeza akaanza kurudisha vijiko kikapuni. "Ni kitu... cha bure," alisema.

Jioni simu ilipolia, mtoto aliikataa. Bibi alimbembeleza: "Mke mwenzangu, pokea, mama anakungoja."

"Akiuliza Kamanda yuko wapi nitasema nini? Atajua leo hakuna wa kwenda kumwangalia. Ataogopa."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Bibi siku zote alidhani kuku yule ni wa kumliwaza mtoto. Mtoto naye alikuwa amemweka kwa ajili ya mama. Mama Ongeza akapokea simu mwenyewe, akadanganya kwamba mtoto ameshalala, kisha akaleta wanasesere watatu wenye nywele na kope. Mtoto akawatazama kama bibi alivyozoea kutazama kabati lenye mchwa. Akageukia ukuta.

Asubuhi, Jumamosi, Mama Ongeza alimtoa Bwana Sinunui msumarini, akamtia mkobani pamoja na gari zima na mpira mpya, akaenda saluni.

Katika biashara yake kanuni ya kwanza ni kutoonyesha kwamba unakitaka kitu. Kwa hiyo alianza na hali ya hewa. Akaulizia meza. Akasifu droo. Msusi, mikono imo kwenye nywele za mteja, alimsikiliza mpaka akaweka chanuo chini.

"Mama Ongeza, droo umeanza kuisifu lini? Leo umekuja kununua!"

"Nani kasema?"

"Uso wako. Haya, sema."

Akasema. Msusi akacheka mpaka mteja wake akalalamika kwamba kichwa kinavutwa. Kisha akafuta machozi. "Mimi ningekurudishia sasa hivi, mama yangu. Lakini mwenye mali si mimi. Yuko chumba cha nyuma, chini ya kitanda, tangu jana hatoki na kuku wake. Na sitamnyang'anya. Huyu mtoto hajui kukataa. Uani wenzake wanamwomba mpira, anatoa. Wanamwomba viatu, anatoa, anarudi peku. Huyo kuku ndiye kitu cha kwanza ambacho hajampa mtu. Kapatane naye mwenyewe."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mama Ongeza akainama, goti moja likalia, la pili likajibu. Mle gizani aliona macho mawili na vifungo viwili.

"Shikamoo," mtoto alisema, maana alikuwa amelelewa.

"Marahaba. Nimekuletea gari. Zima kabisa, magurudumu yote. Nipe kuku."

"Hapana."

"Na mpira huu mpya?"

"Hapana."

"Unataka nini basi?"

"Sitaki kitu. Nina huyu."

Mama Ongeza alikaa kwa makalio pale sakafuni. Alikuwa amepatana na wanasheria na wajane, na hakuna aliyewahi kumfunga goli namna hii. Mtu asiyetaka kitu huna pa kumshikia. Na sauti ile aliijua. Aliwahi kuitoa mwenyewe, nene, mbele ya vifuniko vya chupa. Akafungua mkoba.

"Huyu ni nani?" mtoto aliuliza akajongea kidogo.

"Bwana Sinunui."

"Anafanya nini?"

"Anakataa."

"Anakataa nini?"

"Kila kitu. Mtu akija, 'Nipe viatu vyako,' wewe unamshika mgongoni hivi, asionekane. Yeye anakwambia neno, wewe unalisema. Baba yangu alikuwa kama wewe, hawezi kusema hapana. Huyu ndiye aliyenifundisha mimi."

"Na kuku?"

"Kuku yeye ana kazi nyingine. Kuna mtu anamlinda, mbali. Jana hakwenda."

Mtoto aliwaza. Alimtazama kuku, akamtazama mguu wa kiti. Kisha mkono mdogo ukatoka mvunguni, ukamshika Bwana Sinunui kiunoni, ukamvuta ndani. Mama Ongeza alishangaa kuona kwamba vidole vyake vilikuwa bado vimebaki hewani.

"Haya," alisema. "Nipe kuku."

"Hapana," ilisema sauti nene kutoka gizani. "Ongeza gari."

Mlangoni msusi aliziba mdomo kwa kitambaa. Mama Ongeza akaongeza gari. Akaongeza na mpira, kabla hajaombwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia.

Nyumbani mjukuu alimpokea Kamanda, akamgeuza, akamkagua vifungo na kilemba.

"Umemnunua bei gani?"

"Ghali."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Jioni aliipokea simu kabla haijalia mara ya pili. Halafu akauona msumari mtupu.

"Babu wa pale kaenda wapi?"

"Kapata kazi."

Siku za kwanza, mteja akibana, mkono wa Mama Ongeza ulijikuta ukigusa ukuta. Alikasirika, akatundika kioo pale, akakibandika bei.

Mwezi haukwisha, msusi akaingia dukani kwa kishindo, mkono mmoja kamshika mwanawe, mwingine kamshika Bwana Sinunui. "Mama, mchukue mzee wako! Huyu mtoto hakamatiki. Namwambia kaoge, 'Sinunui.' Kalale, 'Sinunui.' Juzi mteja kaniomba nipunguze bei ya kusuka, huyu kachomoza nyuma ya pazia na mguu wake, 'Hapana, ongeza!' Mteja kaondoka."

"Kaondoka moja kwa moja?"

Msusi akasita. "Karudi. Kaongeza. Lakini si hoja. Mchukue. Bure kabisa, sitaki hata kijiko."

Akamweka mezani. Mama Ongeza akamtazama. Koti la kijivu lilikuwa limepata mkanda mpya wa uzi wa kusukia, umefungwa kwa fundo la mtoto asiyejua bado kufunga. Akamtazama mtoto. Alikuwa amevaa viatu, vyote viwili. Mikono yake ilikuwa mgongoni, mitupu, imeshikana.

Katika maisha yake yote Mama Ongeza hakuwahi kukataa kitu cha bure. Aliunyoosha mkono, akamgusa Bwana Sinunui begani, pale kitambaa kilipochakaa kwa kidole gumba chake mwenyewe. Kisha akamsukuma kurudi ng'ambo ya meza.

"Sinunui," alisema.

"Nimesema ni bure!"

"Hata bure. Mali ikishatoka dukani hairudi."

"Na kuku je? Kuku hakurudi?"

"Kuku nilimlipia."

Mtoto alishamnyakua Bwana Sinunui, ameshafika mlangoni. Msusi akasonya, akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye stuli ndefu kando ya kabati.

"Na ile stuli, mwisho ngapi?"

Mama Ongeza akavuta kiti, akaketi vizuri. "Ile," alisema, "aliiacha marehemu mmoja aliyeipenda sana."

"Mguu mmoja umepinda," ilisema sauti nene kutoka mlangoni.