Shangazi Mweka Hazina

Kitu cha kwanza mgombea alichojifunza kukiogopa kwa shangazi yake, mweka hazina wa kampeni, ni miwani. Kila alipoombwa pesa aliivua, akaifuta taratibu kwa upindo wa mtandio, mpaka mwombaji apunguze ombi mwenyewe. Hivyo ndivyo ombi la bendi lilivyogeuka spika moja. Jana mgombea alijikaza, akaomba helikopta ya mkutano wa mwisho, wa Jumamosi, maana mpinzani wake amekodi magari kumi. Miwani ikavuliwa.

“Wachangiaji wetu ni wauza mboga, mwanangu.”

“Najua, shangazi. Ila kuna kiti kitupu kando ya rubani.”

Mkono ukasita. Leo tangu asubuhi shangazi anambana mwenye helikopta kwa simu ashushe bei. Kiti chake atakilipia mwenyewe. Na kila anayeingia ofisini anaulizwa kama Jumamosi kutakuwa na mawingu.