Bahari Chini ya Bati

Dari ndiyo iliyonitoa akili. Wenzangu wanakosa usingizi kwa ajili ya mume au ada ya shule. Mimi nilikosa usingizi kwa ajili ya bati la godauni la watu, hapa Nachingwea, nililolikodi korosho zilipokwisha kusombwa, nikataka kuligeuza kuwa bahari. Naandika haya uso ukiniwaka. Mume wangu ananiambia niyaache yapite, lakini yeye hakuwepo.

Ilianza Dar. Niliwapeleka wanangu kwenye jengo moja la michezo, tukapanda katreni kanakozunguka ndani kwa ndani. Unakaa kwenye behewa, unaingia gizani, papa huku, kasa kule, na juu hakuna kitu, ni weusi mtupu. Niliitafuta dari kwa macho nikaikosa, na kwa muda ule niliamini kabisa kwamba nimezama. Nikarudi na wazo kichwani. Mimi ni mtu wa Tukuyu, nimeolewa na mtumishi wa serikali, na kila tunapohamishiwa nafungua biashara. Nikasema Idd hii watoto wa Nachingwea na Ruangwa nao watazama.

Fundi akanichomelea reli na behewa moja refu, jembamba, la kusukuma kwa mkono. Viti nikavilaza, mtoto akiegemea aone juu kama anayeelea. Kuta zikachorwa pweza na matumbawe. Katikati ya njia nikapanga mifuko ya mchanga pande zote mbili, mpaka usawa wa kifua, kuwa ndicho kilindi. Nilijisifu, acha tu.

Siku ya kujaribu nikapandisha watoto wa majirani. Wote, bila kuambiwa na mtu, wakatazama juu. Na huko juu kulikuwa na nini? Kenchi zilizoliwa na mchwa, bati lenye matundu ya misumari yanayopitisha jua, na popo wanatushangaa. Mtoto mmoja akauliza kama chini ya bahari nako wameezeka. Mama yake akacheka mpaka kanga ikamdondoka, na jua halijazama soko zima likawa linaniita Mama Bahari ya Bati. Nilinuna. Kutania watu najua sana, kutaniwa ndiyo siwezi.

Kupaka rangi nyeusi kulishindikana. Fundi alipanda ngazi, akagusa kenchi moja, akashuka akasema ana watoto wadogo wanamtegemea. Mwenye godauni naye hakutaka tupigilie hata msumari. Basi nikajipa akili mwenyewe. Nikanunua vitambaa vya bluu, nikaviunga kuwa shuka moja kubwa. Behewa likifika kilindini litasimama, na watu wanne watalishika shuka kwenye pembe zake, juu kabisa ya behewa, walipandishe na kulishusha polepole, liwe mawimbi. Bati halitaonekana, na midomo ya sokoni itafungwa.

Hao wanne niliwachukua miongoni mwa wapagazi wa godauni, watu wazima, Waislamu, wenyeji wa hapa hapa. Nilipowaonyesha kazi yao, wakatazamana. Mkubwa wao akaanza kusema, mama, hili shuka namna hii... Nikamkata. Nikamwambia kama mikono imechoka aseme nitafute wengine, hotuba sitaki. Akashika pembe. Watu wa huku ukishawapandishia sauti hawashindani nawe, wanakuachia ulichokitaka.

Sasa yupo baba mmoja wa Chinongwe, mkulima, ambaye kila msimu nanunua ufuta wake. Mkewe alifariki ndani ya mwezi wa mfungo. Nilikwenda msibani, nikakaa ndani na wanawake kwenye mikeka, nikalia nao. Jeneza lilipotoka wanaume wakalisindikiza makaburini, sisi tukabaki, ndivyo desturi yao ilivyo. Kwetu Tukuyu wanawake tunafika mpaka kaburini na udongo tunatupia. Huku sijui kinachofanyika kule, na sikuwahi kuuliza. Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Baadaye yule baba aliniambia kwamba binti yao, mtoto wa chekechea, tangu siku ile hacheki. Anakula, anaamkia watu, lakini kucheka hapana. Bibi yake ameanza kunong'ona kwamba mtoto atamfuata mama yake. Alinieleza hayo akitazama pembeni, mwanaume mzima, na nikamwonea huruma mpaka nikaropoka. Nikamwambia amlete Idd mosi, atapanda wa kwanza kabla ya mtu yeyote, na lazima atacheka. Nilimwahidi kicheko mtu aliyefiwa, mimi, kana kwamba nakipima kwenye mzani kama ufuta.

Wakaja na bodaboda baada ya swala, vumbi mpaka kwenye kope, mtoto na gauni jipya, baba na kanzu. Binti hakukubali kuuachia mkono wa baba yake. Nikasema basi, pandeni wote. Baba akajilaza nyuma, mtoto akamkalia mbele ya kifua, na nikasukuma behewa mwenyewe.

Pweza alipita, mtoto hakucheka. Matumbawe yakapita. Tukafika kilindini, nikasimamisha behewa katikati ya mifuko. Wale wanne wakapanda juu ya mchanga, shuka likatanda, bati likapotea na mwanga wote ukawa wa bluu. Wakaanza kulipandisha na kulishusha.

Nikasikia kicheko. Kwanza kidogo, kama anayejaribu, kisha kikafunguka chote. Nikavimba kichwa. Nikainama kumtazama baba yake nipokee shukrani zangu. Alikuwa chali, macho wazi kwenye lile shuka, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni, na amejiziba mdomo kwa kiganja asisikike. Nikadhani ni furaha. Mungu wangu, nilidhani ni furaha, nikamtabasamia.

Nilipowageukia wapagazi, hakuna aliyetaka kunitazama. Mkubwa wao akashusha pembe yake, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, hivi ndivyo tunavyozika. Shuka linashikwa hivi juu ya kaburi, maiti anateremshwa. Huyu alikuwa mle ndani, anampokea mkewe."

Nikatazama nilichokijenga. Mchanga kulia, mchanga kushoto, behewa jembamba, mtu chali. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, aibu ya kutamani mtu anizabe kofi. Nikaanza kuomba radhi, maneno hayashikani. Nikamwambia yule baba nalitoa behewa sasa hivi, nafunga milango, watoto waliopanga foleni nje warudi kwao.

Akatikisa kichwa. Mtoto alikuwa amemgeukia, meno nje, anamvuta mkono wa kanzu.

"Baba, tena."

Akajifuta uso haraka kabla binti hajauona vizuri. Kisha akaniambia, bila hasira yoyote, na afadhali angenitukana:

"Washike shuka, mama. Anataka tena."

Mkubwa wa wapagazi alimwambia yule baba maneno machache kwa Kimwera, akaweka mkono kifuani, akatoka nje. Sikumlaumu. Pembe moja ya shuka ikabaki inaning'inia, na bati likaonekana lote na jua lake. Mtoto akanyoosha kidole juu, akauliza bahari imekwenda wapi. Wale watatu walisimama juu ya mchanga, vichwa chini, wakinisubiri. Nikavua viatu, nikapanda, nikashika pembe ya nne.

Kutoka pale juu nilimwona yule baba sawasawa. Alijilaza tena, akamkumbatia binti yake kifuani, akayafungua macho yake, akasubiri. Nikalipandisha shuka pamoja na wenzangu, tukalishusha juu ya uso wake, na mtoto akacheka.