Masizi Kwa Chemchemi

Wakati nilikuwa mtoto, huku chini ya Litein hakukuwa na gorofa hata moja. Ilikuwa tu majani chai, ng'ombe, na chemchemi moja. Ukitaka kujua nani amezaa, nani amegombana na bwana yake, unaenda kwa maji. Huko ndio wamama walikuwa.

Kogo wangu, ndiye nyanya, alikuwa na neno moja. "Chepkemoi, usiingize sufuria ya jikoni kwa hiyo maji. Maji iko na aibu. Ikiona masizi itahama."

Siku moja mama akashikwa na uchungu wa kuzaa, nikatumwa maji mbio. Vibuyu zote zilikuwa na maziwa. Nikashika sufuria ya ugali, nyeusi ti, nikaitumbukiza. Masizi ikatambaa juu ya maji. Nikajitwika, nikarudi nyumbani mbio.

Wiki haikuisha. Wamama walienda asubuhi wakapata matope. "Ni nani huyu ameleta masizi?" Wakaanza kuangaliana vibaya. Kogo akaniangalia mara moja tu.

"Kumbe ni wewe."

Hakunichapa. Alinishika mkono tukaenda na kibuyu ya maziwa, nikamwaga mwenyewe hapo kwa jiwe yenye maji ilikuwa inatokea chini yake, nikisema pole. Siku ya tatu maji ikarudi. Wale wamama walinicheka mpaka nikaolewa: "Ficheni sufuria, Chepkemoi huyo anakuja!"

Niliolewa ng'ambo ya chemchemi hapo tu, kwa hivyo yote nimeona na macho. Mashamba ikakatwa ploti. Mtu akapanda miti ya kuni ya kuuzia kiwanda ya majani chai, miti ya kunywa maji usiku na mchana. Gorofa zikakuja. Chemchemi ikapungua, ikapungua, ikaisha. Na hakuna mtu aliuliza ni nani ameleta masizi.

Mimi nilikuwa naogopa. Nilikuwa nasema moyoni, ni mimi nilianza. Mwaka huu nikajaza kibuyu maziwa, nikashuka. Jiwe haiko. Nikapima na macho kutoka kwa kanisa ya zamani pahali ilikuwa, nikamwaga juu ya simiti, nikasema pole.

Mama mmoja mpangaji alikuwa anaanika nguo. "Shosho, umepotea? Hapo ni septiki, shimo ya choo ya ploti!"

"Naomba maji msamaha."

"Maji gani? Maji tunaletewa na mtu wa pikipiki." Akacheka, lakini si kwa ubaya. Akanitolea kiti.

Nilikaa hapo nikifikiria. Miaka hiyo yote nimeomba isiwe ni mimi. Sasa naomba iwe ni mimi. Kama ni sufuria yangu, dawa yake naijua, Kogo alinionyesha. Lakini haikuwa sufuria yangu. Na hao wa miti na gorofa hawajui walikosea, nani atasema pole?

Maziwa haikuingia chini hata kidogo. Ilikaa tu juu ya simiti, nyeupe, mpaka paka ya ploti ikakuja ikalamba yote.