Nikupokee, Mama

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Hiki ninachokueleza sikusimuliwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, na mtoto aliyehusika yupo, mzima, na sasa naye ana mtoto wake. Utasema nilikuwa naota kwa uchovu. Uchovu nilikuwa nao, sikatai. Lakini ndoto haimkondeshi mtoto.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa masika. Sisi watu wa bonde, mpunga ukishapandwa tunahama. Nyumba inabaki kijijini, familia inashuka mbugani kukaa kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yakija yapite chini. Nyumba yetu ilikuwa kijiji cha Mbingu, na shamba lilikuwa mbali huko chini, karibu na mto. Nilishuka na Edita, mtoto wangu wa kwanza, bado mchanga, hata kuketi hajaanza.

Mume wangu usiku hakuwa wangu, alikuwa wa nguruwe pori. Alikesha upande wa pili wa shamba akipiga debe wasiingie kwenye mpunga. Alfajiri anarudi sauti imekauka, anajitupa kitandani, na mimi ndiyo naamka. Tulikuwa tunapishana kama walinzi wa zamu.

Na Edita sasa. Jamani, yule mtoto alikuwa ananyonya! Ananyonya, anasinzia, ukimlaza tu anaamka analia. Unamtoa titi hili unampa lile. Mbu wanaimba, koroboi inatoa moshi, mgongo unauma, na wewe umekaa tu unayumba. Ukitaka kujua nilivyokuwa, siku moja nilizunguka lile dungu lote namtafuta mtoto, nimeinua hadi jamvi, kumbe nimembeba mgongoni. Nilikaa chini nikalia.

Basi usiku mmoja nilikuwa nimeketi karibu na ngazi, Edita kifuani, macho yamefumba nusu. Nikasikia sauti ya mwanamke, ya upole, kutoka pale kwenye ngazi:

"Nikupokee, mama."

Wewe ungejibuje? Umezaliwa huku, umelelewa huku, tangu mdogo ukimkuta mtu na ndoo kichwani au mzigo wa kuni huwezi kumpita. Unasema nikupokee, naye anasema asante, anakupa. Hakuna mtu anayeuliza maswali kwanza. Mdomo wangu ulijibu wenyewe.

"Asante," nikasema, nikanyoosha mikono, nikahisi mtoto ameondoka. Sikufumbua hata macho. Nililala palepale.

Niliamka ndege wameshaanza kuvamia mpunga. Edita alikuwa ubavuni kwangu, kafunikwa vizuri, katulia. Nakwambia, nililia kwa furaha. Mwili ulikuwa mwepesi. Nikajua tu ni Mama Sabina, jirani wa shamba la pili, mtu mzima, mwenye huruma. Nikasema moyoni, Mungu ambariki yule mama.

Usiku uliofuata sauti ikaja tena. Na mwingine. Nikawa naisubiri. Mtoto akilia tu namwinua kuelekea kwenye giza, nasema asante kabla sijaombwa.

Sasa sikia. Mchana Edita akaanza kukataa ziwa. Namwekea mdomoni, anageuza uso. Hakulia tena. Alilala mchana kutwa, mwili wake wa baridi, na mdomoni alikuwa na harufu ya tope, ile harufu ya mto maji yakipungua. Matiti yangu yakajaa yakawa magumu, homa ikanipanda. Na mtoto akawa anapungua. Mapaja yale yaliyokuwa na mikunjo yakaanza kulegea ngozi. Ukimwinua unashtuka, kama umeinua kanga tupu.

Mama mkwe akashuka kutoka kijijini kutuletea chumvi na sabuni. Alimshika mjukuu wake, akamgeuza, akanitazama mimi, akamtazama mwanawe. Tulipobaki wawili akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumembemenda mtoto, yaani kama mimi na mume wangu tumekutana kabla mtoto hajakua. Nilimwambia, mama, huyo mwanao nikimwona usiku ni bahati. Akaguna. Hakuniamini. Alisema kama mtoto hatapata nafuu, tutapanda naye hospitali Ifakara, na huko kila mtu atajua aibu yetu. Kesho yake alfajiri akaondoka, na mimi nikabaki na uchungu. Nilikuwa naogopa Edita atanifia mikononi, na wakati huohuo, Mungu anisamehe, nilikuwa nangoja usiku ufike nilale.

Siku hiyohiyo jioni nilikwenda kuchota maji, mtoto mgongoni. Wakati wa kurudi nikakutana na Mama Sabina. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema lete nikupokee, akaichukua ndoo akaiweka kichwani kwake. Tukawa tunatembea. Nikaona ni nafasi nzuri, nikamshukuru kwa kunisaidia mtoto usiku baada ya usiku.

Akacheka. Akaniuliza, mimi huyu? Na goti hili? Alisema tangu washuke mbugani hajatia mguu nje ya dungu lake usiku hata mara moja, maana gizani goti lile lisingeuweza ule utelezi wa maji kati ya mashamba yetu.

Mimi nilikuwa namsikia lakini sikuwa namsikia. Miguu inakwenda tu. Nikalipita dungu langu mwenyewe, naendelea mbele. Mama Sabina akasimama.

"Mama Edita, umefika," akasema. "Usipoipokea ndoo yako naenda nayo kwangu. Mwenye mzigo hajasema amefika, mimi nitasimamaje?"

Alikuwa ananitania. Lakini nilihisi baridi kuanzia kisogoni hadi kwenye nyayo. Kwa sababu ni kweli, ndivyo tunavyofanya. Anayekupokea anabeba mpaka wewe useme tumefika, lete mzigo wangu. Na mimi kila usiku nilikuwa nimesema asante tu. Sikuwahi kusema nimefika. Yule, hata awe nani, alikuwa bado ananibebea mtoto. Hata mchana, Edita akiwa mikononi mwangu, alikuwa bado kabebwa na mwingine.

Nikamuuliza Mama Sabina, lile shamba letu kabla hatujalikodi lilikuwa la nani. Akaishusha ndoo chini. Kisha akaniambia kulikuwa na mama kijana, aliyekuwa ametoka kujifungua. Maji yaliwawahi, wakapanda mtumbwi usiku kuvuka, mtumbwi ukapinduka. Mwili wa mama waliupata. Wa mtoto hawakuupata. Ndugu zao wakahama, hawakurudi tena.

Usiku ule nilimwambia mume wangu aache nguruwe wale wanachotaka, abaki na mimi. Akabaki. Alilala kabla ya koroboi kuwaka vizuri, na nilipomtikisa baadaye hakuamka, nilikuwa kama natikisa gunia. Nikakaa na Edita mapajani. Nikajifinya mikono. Nikatafuna tangawizi. Nikawa naimba nyimbo za kanisani, maneno nachanganya.

Edita akalia, kasauti kadogo. Na sauti ikaja.

"Nikupokee, mama."

Safari hii nilifumbua macho. Nilimwona, niamini. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, kichwa na kifua vinaonekana. Mwanamke wa kawaida kabisa, wa rika langu, uso wa mtu aliyechoka. Kanga yake imelowa, na mvua haikunyesha siku ile. Kifuani maziwa yamemchuruzika. Mbeleko alikuwa ameifunga vizuri, imepita begani, fundo liko kifuani, na mgongoni imening'inia tupu.

Na Edita hakuwa tena mapajani kwangu. Alikuwa mikononi mwake, ananyonya. Sijui alimchukua saa ngapi. Mimi sikuwa nimejibu chochote, lakini sikuhitaji kujibu tena, asante zangu za nyuma zilikuwa zinatosha.

Ulimi ukawa mzito. Nikasema, "Nimefika. Lete mzigo wangu."

Akanitazama bila hasira. "Bado, mama. Usiku bado mrefu. Lala kidogo."

Nikwambie ukweli? Nilitaka. Lile neno lala liliingia mwilini kama maji ya moto ya kuoga. Shingo ilianza kuinama. Nilijua nikilala mtoto wangu anakwenda moja kwa moja, nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na bado shingo ilikuwa inainama. Hapo ndipo nilipojiogopa mimi kuliko nilivyomwogopa yeye. Nikajiuma mdomo mpaka damu ikatoka.

"Nimefika," nikasema. "Nimechoka, lakini nimefika. Ni wangu. Lete."

Akamtoa Edita kifuani taratibu, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga, akanipa. Mtoto alikuwa mzito, mzito vile alivyokuwa zamani.

"Haya," akasema. "Wewe umefika. Mimi bado."

Akashuka. Niliangalia chini sikuona mtu, na maji hayakutoa sauti yoyote.

Edita alinyonya usiku kucha, na ziwa lenye homa linavyouma wanajua waliolipata. Nililia kwa maumivu na kwa shukrani. Asubuhi tulirudi Mbingu, mpunga tukawaachia ndege na nguruwe. Mwaka ule tulikula ugali wa kuomba, na mume wangu alinung'unika sana. Mimi sikujali. Ila usingizi wangu haukurudi tena ulivyokuwa. Mpaka leo naamka usiku kwa wakati uleule, nakaa kitandani, mikono mitupu. Wakati mwingine namfikiria yule mama na mbeleko yake, namwonea huruma.

Majuzi Edita amejifungua Ifakara mjini, nimekwenda kumsaidia. Usiku wa kwanza nikamsikia mjukuu analia, nikanyata hadi mlangoni kwake. Taa imezimwa. Mwanangu amekaa kitandani, mtoto kifuani, anayumba. Na maneno yakanitoka mdomoni kabla sijayafikiri.

"Nikupokee, mama."

"Asante," akasema, akanyoosha mikono akanipa. Hakufumbua macho. Hakuuliza ni nani. Akaangukia mto, akalala.

Nilisimama gizani na yule mtoto. Ningeweza kuwa mtu yeyote.

Kwa hiyo nakuomba wewe mwenye mke, dada au binti anayenyonyesha, usimwache mpaka achoke kiasi hicho. Muwahi wewe, na ukifika usiku taja jina lako kwanza. Nawe mama, ukisikia sauti inataka kukupokea, fumbua macho umwone ni nani. Na kama umeshasema asante, usilale kabla hujasema umefika.

Mimi usiku ule sikulala. Nilikaa na mjukuu wangu hadi kukapambazuka, kisha nikamwamsha Edita, nikamwekea mtoto mikononi, nikamwambia aseme amefika. Aliniona nimezeeka vibaya. Lakini nilimsimamia pale kitandani mpaka akasema.